Mhubiri wa Televizio: Juu ya sinema «Network»

Katika likizo kubwa iliyopita wafratri wawili walituomba tuandike neno juu ya sinema moja ya Marekani, jina lake «Network», ambayo kwa Kifaransa inaitwa «Network, main basse sur la télévision». Walikuwa wameiona katika telefoni, vipande vipande, wakashindana. Mmoja alisema kwamba inashitaki televizio. Mwingine alisema kwamba inamsifu kichaa. Tuliwaahidi jibu. Ili jibu lisiwe la kukisia, tuliionyesha nzima jioni moja katika parokia ya Masisi, juu ya shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani, mbele ya walimu wa dini kama 20, wafratri hao wawili, walimu wachache wa shule, na kati yao mwalimu mmoja aliyetoka Walikale. Maneno yake ni Kifaransa. Basi kila mara tuliisimamisha ili kueleza kwa Kiswahili. Sinema ya saa mbili ilituchukua karibu saa nne, pamoja na lita za esansi ambazo mwekahazina wa parokia hajazisahau mpaka leo.

Sinema hiyo ilitoka mwaka 1976. Aliyeiandika ni Paddy Chayefsky, aliyeiongoza ni Sidney Lumet. Wote wawili walifanya kazi ya televizio mbele ya kuingia katika sinema. Kwa hiyo hawasemi mambo ya kusikia tu. Mzee Howard Beale amesoma habari kwa miaka mingi katika kampani iitwayo UBS (hiyo kampani ni ya kutungwa). Watazamaji wake wamepunguka, na kampani inamfukuza. Usiku, badala ya kusoma habari, anatangaza kwamba juma lijalo atajiua hapo hapo mbele ya macho ya wote. Wakubwa wanafadhaika. Lakini asubuhi magazeti yote yanamsema yeye, na mwanamke mmoja wa kazi, Diana Christensen, ambaye shughuli yake ni kupanga vipindi, anafahamu neno ambalo wengine hawajalifahamu: huyu mzee anauzika. Basi hawamfukuzi tena. Usiku mwingine anafika amelowa mvua, amevaa koti juu ya nguo za kulalia, anawaamuru watu wafungue madirisha na kupiga kelele nje kwamba wamekasirika na hawatavumilia zaidi. Katika miji mingi madirisha yanafunguka, na watu wanapiga kelele katika mvua. Tangu siku ile anapewa kipindi chake mwenyewe, pamoja na mwanamke mpiga ramli anayetabiri habari za kesho. Kisha, watazamaji wanapoanza kumchoka, wakubwa wanaketi katika chumba kizuri, wanashauriana kama vile watu wanavyoshauriana juu ya kuuza gari bovu, na wanaamua auawe mbele ya kamera. Anauawa. Sinema inakwisha.

Msomaji atauliza: hesabu ya watazamaji ina nguvu gani hata mtu auawe kwa ajili yake? Namna yake ni nyepesi. Televizio ya Marekani haiishi kwa kodi ya serikali. Inaishi kwa matangazo ya biashara. Mwenye kuuza sabuni analipa dakika moja kufuatana na wingi wa watu walioketi mbele ya kioo wakati ule. Wakiongezeka, dakika inapanda bei, wakipunguka, inashuka. Basi kitu kinachouzwa kwa kweli si habari. Kinachouzwa ni macho ya watu, naye mwenye sabuni ndiye mnunuzi. Habari ni chambo tu katika ndoana.

Tuseme neno dogo juu ya mchezaji, maana litawafurahisha wazee wa upande wa Kisangani. Beale amechezwa na Peter Finch. Mwaka 1958, mji ule ulipoitwa bado Stanleyville, walikuja huko watu wa sinema kupiga picha za «The Nun's Story», habari ya mtawa mwuguzi katika Kongo ya Wabelgiji, na Peter Finch ndiye aliyekuwa Daktari Fortunati. Mtu huyo basi alikanyaga nchi yetu, mwisho wa barabara ile ile inayopita Walikale. Alikufa Januari 1977, na tuzo kubwa ya sinema ya Marekani, Oscar, alipewa akiwa amekwisha kufa. «Network» ilipata nne kwa jumla. Kwetu sisi, yeye peke yake angetosha kuitetea sinema hii: uso wake unageuka polepole, kutoka uso wa mwalimu mchovu mpaka uso wa mtu ambaye hajui tena kama anasema yeye ao anasemwa.

Sasa turudi kwa wafratri. Yule wa kwanza alidhani Beale ni nabii. Tulimwuliza: ni nabii gani anayepewa saa, mwanga na mshahara na wale wale anaowakemea? Angalieni vizuri fasi anayosimama. Mwanzoni ana meza na karatasi. Baadaye meza inaondolewa. Nyuma yake kuna dirisha la vioo vya rangi kama la kanisa, naye anatembea mbele yake, anapandisha sauti, mwisho anaanguka chini kama mfu, na watu wanapiga makofi. Siku moja anawaambia waizime televizio sasa hivi, kwa kuwa ni uongo mtupu. Wanapiga makofi kwa nguvu zaidi. Hakuna anayeizima.

Hapo ndipo sinema inatuuma sisi mapadri kuliko inavyowauma watu wa televizio. Nasi tunayajua mahubiri ya namna ile. Tunamjua mhubiri anayeweka telefoni juu ya kigoda karibu na altare ili maneno yake yaende Facebook, na jioni anahesabu waliompenda. Zaidi, tunaijua namna ya kukemea inayowafurahisha wanaokemewa. Ukisema juu ya altare kwamba wakubwa wa Kinshasa ni wezi, kanisa lote linaitika. Ukisema juu ya ng'ombe walioibwa juzi kilimani, ambao nyama yao iliuzwa rahisi katika soko letu na sisi sote tuliila, hakuna anayekohoa. Beale hasemi hata mara moja juu ya ng'ombe wa karibu. Anakemea ulimwengu mzima, nao ulimwengu mzima hauna jina wala hauketi katika benchi la kwanza.

Lakini sehemu iliyowachekesha watu wetu kupita zote si ya Beale. Diana anatafuta kipindi kingine, na anasikia habari za waasi wenye kuiba benki huku wakijipiga picha. Anawapa kipindi cha kila juma. Muda kidogo, twawaona waasi wale wamekaa na mawakili, karatasi zimejaa mezani, wanagombana juu ya mkataba: faida igawanywe namna gani, gharama ni za nani. Kelele inazidi, mpaka kiongozi wa waasi anapiga bastola juu ili wanyamaze na kuendelea na karatasi. Twadhani katika Marekani walicheka kwa kuwa jambo lile haliwezekani. Hapa Masisi walicheka kwa kuwa wanalitambua. Mzee mmoja alipiga kelele gizani: «Goma, 2008!» Na kweli, katika Januari ya mwaka ule ulifanyika Goma mkutano wa amani wa juma mbili na zaidi, na tarehe 23 vikundi vya silaha zaidi ya 20 vilitia saini. Watu wa vilima waliulizana vingine vilizaliwa lini. Tangu siku zile tumezoea: kikundi kinaweza kukosa viatu, lakini hakikosi msemaji, na msemaji hakosi telefoni mbili. Anajua saa ya habari kuliko saa ya sala. Katika sinema, kikundi kile kilichopewa kipindi ndicho kinachotumwa mwishoni kumpiga Beale risasi. Wakati ule hakuna aliyecheka katika chumba chetu.

Kuna fasi moja ambayo tuliirudia mara mbili, kwa ombi la mwalimu wa Walikale. Beale amezuia biashara kubwa ya matajiri, kwa kuwaambia watu waandikie serikali. Tajiri mwenyewe, Arthur Jensen (amechezwa na Ned Beatty), anamwita katika chumba kirefu chenye giza, meza ndefu, taa ndogo za kijani. Anamhubiria. Anamweleza kwamba mataifa hayako tena, mapatano ya watu hayako, iko fedha tu inayozunguka dunia kama maji yanavyopwa na kujaa. Beale anafikiri amemsikia Mungu. Tangu siku ile anahubiri kwamba mtu mmoja mmoja si kitu, na ndipo watazamaji wanapomkimbia.

Mwalimu yule alisema: «Padri, huyu ndiye peke yake asiyedanganya katika sinema yote.» Wafratri walishituka. Sisi tulinyamaza kwanza, maana tulijua anatoka wapi. Katika Walikale kuna kilima cha Bisie, ambako watu walichimba kasiterite kwa mikono tangu mwanzo wa karne hii, na baadaye ilikuja kampani kubwa yenye mashini. Mgodi ule mmoja watoa kama sehemu 6 katika 100 za bati la dunia nzima. Katika Machi 2025 askari wa M23 walielekea Walikale. Kampani ilisimamisha kazi. Tarehe 19 waliingia Walikale mjini. Watu walikuwa wakikimbilia msituni na vyombo vyao kichwani. Na habari ya Walikale iliyotembea kwa haraka kupita zote duniani ilikuwa gani? Kwamba bei ya bati imepanda katika soko la London. Mwalimu alikuwa mmoja wa wale waliokimbia. Yeye alimsikia Jensen kwa masikio mengine kuliko sisi. Tulimjibu tu kwamba Jensen anasema kweli juu ya njia ya fedha, na kwamba uongo wake unaanzia pale anaposema «kwa hiyo mtu si kitu». Alikubali nusu.

Na hapa tufike kwenye lawama yetu juu ya sinema hii, ambayo twaipenda. Chayefsky ameona kila kitu katika nyumba ya mwuzaji: hila, woga, vinywaji, mikataba, namna watu wenye akili wanavyosema mambo ya kinyama kwa sauti ya upole. Lakini nje ya nyumba ile haoni mtu. Wale wanaopiga kelele madirishani ni wengi, lakini hatumjui hata mmoja. Hatuingii katika chumba chake, hatujui amekasirika juu ya nini, wala kesho yake alifanya nini. Na zaidi: wako wapi wale ambao mateso yao ndiyo habari yenyewe? Walioibiwa katika benki wamekaa wapi? Sinema inatuonyesha muuza samaki na mnunuzi wa samaki. Samaki hatumwoni, na sisi wa vilima hivi ndio samaki.

Tutoe mfano wa Walikale tena. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu wa silaha walishambulia vijiji 13 katika barabara ya Kibua kwenda Mpofi. Luvungi ndiyo iliyotajwa zaidi. Umoja wa Mataifa ulihesabu baadaye watu 387 waliobakwa, wanawake, wanaume na watoto. Mkubwa mmoja wa Umoja ule alikuwa amekwisha kuipa nchi yetu, miezi michache mbele yake, jina la mji mkuu wa ubakaji duniani, na jina lile lilirukaruka katika magazeti kama jina la kipindi. Waandishi walifika wengi. Mwaka 2013 mwandishi mmoja wa Marekani, Laura Heaton, alirudi nyuma na kuuliza katika «Foreign Policy» kama hesabu zile zilikuwa sawa. Ugomvi ukawaka. Sisi hatuingii katika ugomvi ule. Maovu yalitendeka: tarehe 23 Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka kifungo cha maisha, na kati ya makosa yake ni mambo ya siku zile. Twauliza neno moja tu: kwa nini hesabu ilikuwa na uzito namna ile? Wanawake 10 hawakutosha? Ukweli ni kwamba hawakutosha. Kila mtu wa vilima hivi aliyewahi kupiga telefoni mjini ili kutangaza msiba anajua swali la kwanza linaloulizwa: «Wangapi?» Wawili, watatu, habari inabaki Masisi. Na mtoto aliyekufa kwa malaria njiani akikimbia Pinga hahesabiwi popote, sababu hakupigwa risasi. Diana naye ana swali lile lile kila asubuhi. Tofauti ni kwamba yeye anahesabu wanaotazama, na hapa wanahesabiwa wanaotazamwa.

Hatusemi haya kama watu wasio na kosa. Mwaka 2023, wakati wakimbizi wa vita walipojaa katika shule na viwanja vya parokia tuliyokuwamo, alifika mwandishi wa picha kutoka mbali, kijana wa adabu, mchovu, mwenye muda wa saa tatu tu kabla gari lake halijarudi. Alituomba tumtafutie mama aliyekimbia na watoto, aliyeona mume wake akiuawa. Tulimpeleka kwa mama mmoja tuliyemjua. Mama alieleza yote kwa utaratibu, kwa sauti ndogo, mikono juu ya magoti, kama mtu anayetoa ushuhuda mbele ya wazee. Hakulia. Kijana alimshukuru, akatwambia pembeni kwa Kifaransa kwamba picha haitatembea vizuri, je, hakuna mwingine? Nasi, wasomaji wapenzi, tulimtafutia mwingine. Wa pili alilia. Jioni yule wa kwanza alitujia katika baraza ya parokia, akauliza: «Baba Padri, basi ya kwangu haikutosha?» Tulimjibu maneno mengi ambayo hatuyakumbuki. Alisikiliza yote kwa heshima, akarudi kwa watoto wake.

Ndiyo sababu tulitamani Chayefsky aingie katika chumba kimoja tu nyuma ya dirisha. Mtu mwingine alijaribu baadaye, na hapa hapa Kivu ya Kaskazini: Renzo Martens wa Uholanzi, katika sinema «Enjoy Poverty» ya mwaka 2008. Aliwaendea wapiga picha wa Kanyabayonga, ambao walikuwa wakijipatia chakula kwa kupiga picha za ndoa na sikukuu, akawaonyesha kwa hesabu kwamba picha za njaa na vita zinalipwa mara nyingi zaidi. Kisha akawafundisha kuzipiga. Ni sinema chungu, hata ya kuchukiza, na Martens mwenyewe anajiweka mbele kupita kiasi. Lakini anaona lile ambalo «Network» haikuliona: kwamba umaskini ni mali, na kwamba maskini hana sehemu katika mali ile. Mwenye kuionyesha kwa wakristu aieleze vizuri kwanza.

Kuhusu makosa mengine ya «Network» tupite haraka. Watu wake wote wanasema kwa ulimi mmoja, ulimi wa mwandishi: mkubwa, mdogo, mwasi, wote wana hotuba ndefu zilizopigwa pasi. Habari ya Max Schumacher, rafiki wa Beale, anayemwacha mke wake na kumfuata Diana, ni ndefu kuliko inavyostahili, na iko fasi moja katika habari ile isiyofaa kuonyeshwa kwa vijana. Sisi tuliiruka, na hakuna aliyekosa kufahamu. Lakini katika habari ile ile kuna dakika chache ambazo ni bora kupita zote. Mke wa Max, Louise, anaambiwa kwamba mume ana mwingine. Hapigi kelele dirishani. Anazunguka nyumbani, anasimama, anakaa, anamwuliza mume wake: baada ya miaka 25, hata heshima kidogo hapati? Beatrice Straight, aliyemcheza, anaonekana kwa dakika tano ao sita tu katika sinema yote, na walimpa Oscar kwa dakika zile. Walikuwa sawa. Hapo peke yake tunamwona mtu anayeumia bila kamera ya UBS kuwa karibu. Mama aliyepika chakula cha jioni ile, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, alikaa chini pale na hakuondoka tena.

Mkutano wa Vatikano, katika dekreti «Inter mirifica» ya tarehe 4 Desemba 1963, ulisema kwamba watu wana haki ya kupata habari, na kwamba habari iwe ya kweli, tena itafutwe kwa namna inayoheshimu haki na utu wa watu. Wafratri wanalijua neno la kwanza vizuri. Neno la pili, namna ya kuitafuta, twawaomba walisome tena pamoja na sinema hii, na hasa wale watakaopewa kazi ya radio za majimbo.

Tulipozima mashini ya umeme ilikuwa karibu saa tano za usiku. Watu walitafuta viatu vyao kwa mwanga wa telefoni. Mwalimu wa dini mmoja, mzee kupita wote, alibaki ameketi, akauliza: «Na huyu Beale, nani alikwenda kuwaambia watu wake?» Tulimweleza kwamba mwanzoni mwa sinema wamesema mke wake alikwisha kufa na hakuzaa naye mtoto. Akatikisa kichwa. «Hata hivyo,» akasema, «alikuwa na majirani.»